UZI: Kwa nini "tutafufua pareto" hurudi kila msimu wa kura

1/ Ukikaa Nakuru hii ahadi umeisikia zaidi ya mara moja: "Tutafufua pareto." Makofi yanapigwa, kura zinapigwa, basi. Kabla hujashangilia ama kuzomea, jua kwanza ilikufaje. Twende.

2/ Pareto ni ua jeupe linalotoa dawa ya kuua wadudu. Masetla walilileta Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Linapenda baridi, kwa hivyo Molo, Mau Narok na Kuresoi lilistawi.

3/ Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulipanua mazao ya biashara kwa Waafrika. Baada ya uhuru, wakulima wadogo ndio waliobeba pareto, na Kenya ikabaki ya kwanza duniani.

4/ Uzuri wake: haitaki ekari nyingi. Unachuma kwa mkono kila baada ya wiki mbili hivi, unaanika, unapeleka kwa ushirika. Wachumaji wengi walikuwa akina mama. Hiyo pesa ililipa karo na kununua mabati.

5/ Shida ilikuwa hapa: kisheria mnunuzi alikuwa mmoja, bodi ya serikali yenye kiwanda Nakuru mjini. Ikilipa, kijiji kinachangamka. Ikichelewa, huna pa kwenda. Miaka ya 2000 malipo yalichelewa sana. Watu waking'oa pareto, wakapanda viazi. Tasmania, kule Australia, ikachukua soko.

6/ "Si ni dawa za viwandani ziliua pareto?" Ziliumiza, ndiyo, kwa sababu ni za bei rahisi. Lakini Tasmania ilishindana na dawa hizo hizo na bado ikakua.

7/ Mwaka 2013 sheria mpya ilifungulia kampuni binafsi mlango. Miche nayo imegawiwa. Lakini mkulima aliyechomeka anapiga hesabu: viazi nalipwa lori likiwa shambani, pareto nalipwa lini?

8/ Kwa hivyo mgombea yeyote akisema "tutafufua", muulize: Nani atanunua? Bei imeandikwa wapi? Pesa inafika baada ya siku ngapi? Isipofika, hasara ni ya nani?

Miche ni rahisi kugawa. Kilichokufa kwanza ni imani ya mkulima kwamba atalipwa, na hiyo haigawiwi kwa mkutano wa hadhara.