Tezi Dume ya Mobutu na Risasi za Uvira

Mji wa Uvira, mashariki mwa Zaire (leo Kongo), uliangushwa na waasi mwishoni mwa Oktoba 1996. Tarehe 6 ya mwezi huo watu wenye silaha walikuwa wameivamia hospitali ya Lemera, milimani juu ya bonde la Ruzizi, wakawaua wagonjwa vitandani. Mganga mkuu wake, Denis Mukwege, alinusurika, na mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi kule Bukavu. Rais naye hakuwepo nchini. Mobutu Sese Seko, aliyeipa hospitali kubwa ya Kinshasa jina la mama yake, alikuwa amepasuliwa Lausanne, Uswisi, mwezi Agosti kwa saratani ya tezi dume.

Waandishi wakieleza anguko hilo hutaja kambi za wakimbizi na jeshi lisilolipwa. Ni kweli. Lakini mimi sikiachi nje kitezi hicho cha chini ya kibofu, ukubwa wa ndimu changa. Aliporudi Kinshasa mnamo Desemba, Uvira, Bukavu na Goma zilikwisha kuanguka. Septemba 7, 1997 akafia Rabat, akiwa na miaka 66.

Ugonjwa wenyewe ulielezwa London mwaka 1853 na John Adams, aliyeuona kuwa nadra sana. Miaka mitano baadaye wapelelezi Waingereza Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi. Wazee wa mwambao huu wa Ziwa Tanganyika waliokufa kwa kuzibwa mkojo nani aliwapima? Hata Ulaya wakati huo, wachache walifikia umri ambao saratani hii hupenda.

Mwaka 1941, Charles Huggins wa Chicago alionyesha kwamba saratani hii hulishwa na homoni ya kiume. Mgonjwa akitolewa korodani, uvimbe husinyaa. Alipata Nobeli 1966. Hadi leo upasuaji huo ni wa bei nafuu kuliko sindano za kuzuia homoni hiyo, za kila baada ya miezi kadhaa, na daktari wa upasuaji huufanya bila mitambo mikubwa. Kazi ngumu ni kumwambia mzee wa Kalundu, Uvira, mwenye wajukuu na heshima zake. Atapatwa na joto la ghafla usiku, hamu itamtoka, mifupa itadhoofika. Mke asipokaa kwenye mazungumzo hayo tangu mwanzo, nyumba huingia ukimya, na wapo wanaokimbilia dawa za mitishamba hadi maumivu yashuke mgongoni.

Kuamka usiku kukojoa mara nyingi ni tezi iliyokua tu, bila saratani. Saratani yenyewe huanza kimya. Kwa hiyo mwanaume wa miaka 50 huzungumza na daktari juu ya kipimo cha damu cha PSA na cha kidole. Mwenye baba au ndugu aliyeugua aanze 45, na watu weusi hatari yao ni kubwa zaidi.

Tiba ya mionzi ni habari nyingine. Mashine zake zilianza kazi Kanombe, Kigali, mwaka 2019. Kutoka Uvira mgonjwa hupanda barabara ya Kamanyola na kuvuka mpaka, vita vikiruhusu.