Muuguzi wa Vita katika Fasihi ya Karne ya 19: Usomaji kutoka Kedowa

Louisa May Alcott aliwauguza majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kuanzia Desemba 1862, hadi homa ya matumbo ilipomrudisha kwao baada ya majuma machache. Katika Hospital Sketches (1863), mhusika wake, Tribulation Periwinkle, anaamriwa kuwaosha askari wasiomjua. Anashtuka, mzee wa Kiayalandi anambariki kwa namna ya kuchekesha, wanacheka pamoja, kazi inaendelea. Huo ndio ubora wa masimulizi hayo: uuguzi ni kazi ya mikono, si utakatifu. Hata hivyo, tiba yenyewe imeachiwa madaktari wa kiume. Msomaji wa Kedowa hawezi kuupokea mgawanyo huo kama jambo la kawaida: miongoni mwa Wakipsigis, chepkerichot, mganga wa kike, ndiye aliyeuguza na ndiye aliyezijua dawa.