Eksirei ya meno yaweza kudokeza shinikizo la damu

WAGONJWA wanaopigwa eksirei ya taya zima, aghalabu kabla ya kung'olewa gego la mwisho, hutarajia kuelezwa habari za meno pekee. Hata hivyo, picha hiyo huonyesha pia sehemu ya shingo iliyo chini na nyuma ya pembe ya taya, inamopita ateri kuu ipelekayo damu kwenye ubongo.

Mnamo 1981, Arthur Friedlander wa Marekani na mwenzake walieleza kuwa madoa meupe yanayoonekana mahali hapo huweza kuwa chokaa iliyoganda katika mafuta kwenye ukuta wa ateri hiyo. Damu ikisukumwa kwa nguvu kupita kiasi kwa miaka mingi, utando laini wa ndani ya mshipa hudhurika, mafuta yakajipenyeza na chokaa ikafuata. Uvutaji sigara, kisukari na umri huchangia pia. Kipande kikimeguka na kuziba mshipa wa ubongo, mgonjwa hupatwa na kiharusi.

Si kila doa lina maana hiyo. Gegedu za koo, mfupa mdogo unaoshikilia ulimi na hata tezi zilizowahi kuugua kifua kikuu huweza kuonekana vivyo hivyo. Ndiyo maana daktari wa meno hatoi hukumu, bali humwelekeza mgonjwa apimwe shinikizo na, ikibidi, mishipa ya shingo ichunguzwe kwa mawimbi ya sauti. Kutoonekana kwa doa nako si cheti cha afya, kwani mafuta ambayo hayajaingiwa na chokaa hayaonekani katika eksirei.

Nchini Kenya, utafiti wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Maradhi haya kwa kawaida hayaumi. Jino huuma, na ndilo humfikisha mtu kliniki.

Kipimo cha 140/90 au zaidi huhitaji kurudiwa siku nyingine, maana maumivu na hofu ya koleo (nani asiyeiogopa?) huweza kukipandisha. Wala hakuna haja ya kuomba eksirei kwa ajili ya kutafuta madoa haya: kitambaa cha kupimia kinachofungwa mkononi hutoa jibu kwa dakika chache, bila miale yoyote.