Namba ya Nne ya Elektroni

Mwaka 1922, mjini Frankfurt, Otto Stern na Walther Gerlach walipitisha mkondo wa atomi za madini ya fedha katikati ya sumaku. Ukagawanyika sehemu mbili.

Namba tatu zilizojulikana, za ukubwa, umbo na mwelekeo wa njia ya elektroni, hazikutosha kueleza mgawanyiko huo. Mapema 1925 mwanafizikia Wolfgang Pauli alidai ya nne: hakuna elektroni mbili za atomi moja zinazolingana katika zote nne.

Mwaka huohuo, mjini Leiden, wanafizikia vijana Uhlenbeck na Goudsmit waliieleza namba hiyo ya nne kuwa ni spini, yaani kujizungusha kwa elektroni yenyewe. Kisha waliingiwa na hofu, wakataka kuiondoa makala yao. Lakini mwalimu wao Ehrenfest alikuwa amekwisha kuituma.

Hivyo, kwa kuwa spini ina hali mbili tu, kila obitali, yaani njia inayotambulishwa na namba tatu za kwanza, hubeba elektroni zisizozidi mbili, zenye spini kinyume.