Mvua ya Mbali

Msomaji kijana, watunzi wa programu za kompyuta wana mzaha wao. Mtu huketi mbele ya mtambo wake na kuuamuru umwambie kama nje kunanyesha, hali dirisha li wazi kando yake na matone yanamlowesha bega. Cheka upendavyo, lakini usidhani kuwa mtu huyo ni mpumbavu kabisa.

Mwaka 1849 Joseph Henry, mkuu wa Taasisi ya Smithsonian mjini Washington, Marekani, aliyashawishi makampuni ya simu za waya yampelekee habari za hali ya hewa. Kwa mpiga simu wa Cincinnati, neno "mvua" halikuwa habari, kwani aliiona kwa macho yake. Kwa Henry lilikuwa hazina. Dhoruba za nchi ile aghalabu hutoka magharibi kwenda mashariki, na waya ulilishinda wingu mbio. Mvua ya Cincinnati asubuhi yaweza kuwa mvua ya Washington jioni. Mwaka 1856 Henry alitundika ramani ya habari hizo, na watu wakaja kuitazama.

Zamani za kompyuta zilipofika, kazi ile ilipata mrithi. Mwezi wa Septemba 1989 mtaalamu Jeff Masters alikuwa ndani ya ndege ya uchunguzi iliyoingia katika kimbunga Hugo. Injini moja iliwaka moto, na abiria waliponea chupuchupu. Baadaye aliacha kazi hiyo akaenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Michigan. Huko, mwaka 1991, alitunga programu iliyomwezesha yeyote mwenye mtandao kusoma hali ya hewa ya miji ya mbali. Kampuni iliyozaliwa humo mwaka 1995 iliitwa Weather Underground. Jina hilo nalo lilikuwa mzaha: lilikuwa la kundi la wanamapinduzi vijana wa zamani, lenye asili katika chuo hicho hicho. Jina lilichekesha, lakini aliyelichagua kazi hiyo alikuwa amekwisha kukitazama kifo usoni.

Basi, ikiwa shule yako ina kipimamvua, usione haya kuandika milimita tatu zilizonyesha jana, ingawa kijiji kizima kililowa. Kwako habari hiyo imekwisha. Kwa yule ambaye wingu bado halijamfikia, ni onyo.