Jibu la Kuazima: Sifa na Fedheha ya Charles Van Doren

Sifa ya mtu ni amana iliyo mikononi mwa watu wengine. Wao ndio waitoao, na siku wakiona wamehadaiwa, wao ndio wairudishao kwao. Mwenye ukwasi huweza kufungia mali yake sandukuni, lakini mwenye sifa hana sanduku. Kwa sababu hiyo kupanda na kushuka kwa watu mashuhuri ni somo lisilochakaa, na katika historia ya televisheni hapana mfano unaowahusu wasomi zaidi ya ule wa Charles Van Doren, mwalimu wa chuo kikuu aliyependwa na taifa zima la Marekani mwaka 1957, akafedheheka mbele ya taifa hilo hilo mwaka 1959.

Ili kufahamu mkasa huu yafaa kutazama kwanza hali ya zama zile. Televisheni ilikuwa ingali changa. Vipindi vingi havikuwa mali ya vituo vilivyovitangaza. Vilitengenezwa kwa fedha za wafanya biashara, nao walikuwa na sauti kubwa juu ya yaliyoonyeshwa. Juni 1955 kituo cha CBS kilianzisha shindano la maswali ambalo zawadi yake ya juu ilikuwa dola 64,000. Kampuni ya Revlon, yenye kuuza vipodozi, ndiyo iliyolilipia, na bidhaa zake zikanunuliwa kwa wingi usio kifani. Wafanya biashara wengine walipoona hivyo, kila mmoja alitaka shindano lake. Elimu, ambayo kwa kawaida haina soko kubwa, iligeuka ghafula kuwa ndoana ya kuvulia wanunuzi.

Septemba 12, 1956 kituo cha NBC kilianza kuonyesha shindano lililoitwa Twenty-One, yaani Ishirini na Moja. Lilitengenezwa na Jack Barry, aliyekuwa pia muulizaji, na mwenzake Dan Enright. Mlipaji alikuwa kampuni ya dawa iliyouza Geritol, dawa ya kutia nguvu mwilini. Washindani wawili waliingia kila mmoja katika kibanda chake, wakavaa vyombo vya kusikilizia, wala hapana aliyeweza kusikia majibu ya mwenzake. Kila mmoja alichagua uzito wa swali, toka alama 1 mpaka 11, na mwenye kufikia alama 21 alishinda. Kwa kila alama iliyomzidi mwenziwe mshindi alipata dola 500, na walipotoka sare kiwango hicho kiliongezwa.

Kipindi cha kwanza kilichezwa kwa haki, nacho kilichusha. Washindani walikosa swali baada ya swali, na watazamaji hawakuona la kuwapendeza. Mlipaji alikasirika, akaonya kuwa jambo lile lisitokee tena. Tangu hapo watengenezaji wakakata shauri kuwa bahati haitaachiwa nafasi. Washindani walichaguliwa kama wachezaji wa tamthilia huchaguliwavyo; walipewa maswali na majibu mapema; wakafundishwa wapi pa kusita, wapi pa kuuma mdomo, na namna ya kupangusa jasho usoni. Hata mashine ya kupoza hewa ya kibandani ilizimwa ili jasho lenyewe lisikosekane.

Mtu wa kwanza kupata jina kwa hila hii alikuwa Herbert Stempel, mwanafunzi wa chuo cha City College mjini New York, aliyekuwa amepata kutumikia jeshi. Stempel hakuwa mjinga. Kichwa chake kilikuwa ghala ya mambo mengi, na yamkini angaliweza kushinda mara kadhaa bila ya msaada. Lakini Enright alitaka zaidi ya maarifa, alitaka sura. Alimvalisha Stempel koti lisilomkaa, akaagiza nywele zake zikatwe kama za askari, akamfanya aonekane fukara mwenye kumbukumbu ya ajabu. Watu walimtazama wiki baada ya wiki, kisha wakaanza kumchoka. Ndipo alipotafutwa wa kumwangusha.

Aliyepatikana ni Charles Van Doren, kijana wa miaka 30, mwalimu wa fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Columbia. Jina lake pekee lilikuwa hazina. Baba yake, Mark Van Doren, alikuwa mshairi na profesa wa chuo hicho hicho, naye alitunukiwa tuzo ya Pulitzer mwaka 1940. Ami yake, Carl, alipewa tuzo hiyo mwaka 1939 kwa kitabu juu ya maisha ya Benjamin Franklin. Mama yake alikuwa mwandishi wa riwaya. Kijana mwenyewe alikuwa mrefu, mtaratibu, mwenye haya na tabasamu jema. Lau mchoraji angeliombwa kuchora picha ya elimu iliyolelewa vizuri, angelimchora yeye.

Aliyemshawishi ni mtengenezaji mmoja wa kipindi hicho aitwaye Albert Freedman. Kwa ushahidi alioutoa Van Doren baadaye, yeye aliomba kwanza ashindane kwa haki, akakataliwa. Aliambiwa kuwa Stempel hashindiki; kuwa michezo ya namna hii ni burudani, na katika burudani kusaidiwa ni desturi; na kuwa yeye akionekana mbele ya mamilioni ya watu atawatendea hisani kubwa walimu wote na elimu yenyewe. Katika hoja hizi tatu, ya mwisho ndiyo iliyokuwa na sumu kali zaidi. Mtu mwema hashawishiki upesi kwa fedha tupu. Lakini mwonyeshe kuwa kosa lake litakuwa sadaka kwa jambo alipendalo, naye atajiona mtumishi hali amekuwa mtumwa.

Van Doren alianza kuonekana mwishoni mwa Novemba 1956. Baada ya sare kadha wa kadha Stempel aliagizwa kushindwa, na Desemba 5 akashindwa. Swali alilotakiwa kulikosa lilikuwa jepesi: filamu gani ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya mwaka 1955? Jibu lilikuwa Marty, filamu aliyoipenda na kuitazama mara tatu. Akiwa kibandani, mbele ya taifa, alitaja filamu nyingine. Yapo mashindano ambayo mtu huona haya kwa kutojua. Stempel aliona haya kwa kulazimishwa asijue alilolijua.

Toka siku hiyo nyota ya Van Doren ikapaa. Februari 1957 picha yake ilipamba jalada la jarida la Time. Barua zilimiminika kwake. Wazazi walimtaja mbele ya watoto wao kuwa mfano mwema. Walimu walifurahi kuwa hatimaye shujaa wa taifa si mcheza mpira wala mwimbaji bali msomi. Machi 11, 1957 alishindwa na mwanasheria Vivienne Nearing, naye akatoka na dola 129,000. Watazamaji hawakujua kuwa kushindwa huko pia kulipangwa, na kuwa yeye mwenyewe alikuwa amekwisha omba zaidi ya mara moja afunguliwe. NBC ilimpa mkataba wa miaka mitatu wenye dola 50,000 kila mwaka, naye akawa akizungumza juu ya fasihi na mambo ya elimu katika kipindi cha asubuhi cha Today.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa mambo yalikwenda kinyume: tembo lilitiwa maji kwanza, sifa zikafuata. Kwa hiyo kila sifa mpya ilikuwa mzigo mpya, maana aliyesifiwa alijua kilichomo kibuyuni.

Wapo wengine waliojua pia. Mapema mwaka 1957 Stempel alikwenda kwa waandishi wa magazeti akawaeleza yote, lakini hapana gazeti lililothubutu kuyachapa kwa hofu ya kushitakiwa. Alionekana mshindwa mwenye kijicho. Hili ndilo jambo chungu kuliko yote katika habari hii. Msema kweli hakusadikiwa kwa kuwa hakuwa na sura ya msema kweli, na mwenye kuficha alisadikiwa kwa kuwa uso wake ulikuwa wa muungwana. Watengenezaji walikuwa wamewafundisha watazamaji namna ya kumwona kila mmoja, na mafunzo hayo yaliendelea kufanya kazi hata nje ya kibanda.

Hata hivyo njia ya mwongo ni fupi. Agosti 1958 shindano jingine, Dotto, liliondolewa hewani kwa ghafula baada ya mshindani mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake kuona daftari lenye majibu ya mshindani mwingine. Sasa magazeti yalipata ujasiri, na maneno ya Stempel yakachapwa. Mwendesha mashtaka wa Manhattan, Frank Hogan, alifungua uchunguzi mbele ya baraza la raia walioapishwa. Kiasi cha mashahidi 150 waliitwa. Hogan baadaye alikadiria kuwa walio wengi, kama 100 hivi, walisema uongo chini ya kiapo. Van Doren alikuwa miongoni mwao. Oktoba 1958 shindano la Ishirini na Moja lilikuwa limekwisha zimwa.

Mwaka 1959 jambo hili lilifika mbele ya kamati ndogo ya Bunge la Marekani chini ya uenyekiti wa Oren Harris wa Arkansas. Ushahidi uliokuwa mgumu kupingwa ulitoka kwa mshindani James Snodgrass. Huyu, baada ya kupewa maswali na majibu, aliyaandika katika barua, akazipeleka kwa rejista ya posta kwa anwani yake mwenyewe kabla ya siku ya kipindi, wala hakuzifungua. Muhuri wa posta ulikuwa shahidi asiyetishika.

Novemba 2, 1959 Van Doren aliketi mbele ya kamati, akasoma maelezo marefu. Alikiri kuwa alishiriki katika udanganyifu tangu mwanzo, kuwa aliwadanganya rafiki zake, na kuwa angalitoa karibu kila alicho nacho ili miaka mitatu ile irudi nyuma. Wajumbe kadhaa walimpongeza kwa ushujaa wa kukiri. Mjumbe mmoja, Steven Derounian wa New York, alikataa: hakuona kwa nini mtu mzima mwenye akili kama zake apongezwe kwa kusema kweli. Chuo Kikuu cha Columbia kilikubali barua yake ya kujiuzulu, na NBC ikamfukuza. Wapo wanafunzi waliotaka arudishiwe kazi yake, lakini mlango ulikuwa umefungwa.

Yafaa kukumbuka kwamba wakati ule kulipanga shindano la televisheni hakukuwa kosa la sheria. Ni mwaka 1960 Bunge lilipolifanya kuwa kosa kumsaidia mshindani kwa siri kwa nia ya kuwahadaa watazamaji. Kosa lililompeleka Van Doren mahakamani ni kiapo cha uongo. Alilikubali mwaka 1962, naye akapewa adhabu iliyoahirishwa, asifungwe. Watengenezaji hawakuadhibiwa kwa hila yenyewe, na Barry alirudi katika televisheni ya taifa baada ya miaka kama kumi. Vituo navyo vilijipatia faida: vilitumia kashfa hii kuwanyang'anya wafanya biashara mamlaka juu ya vipindi. Katika msafara mzima, aliyepoteza zaidi ni yule aliyekuwa na kazi ambayo mtaji wake ni neno lake.

Je, hukumu hiyo ilikuwa ya haki? Wanaomtetea husema alikuwa chombo tu, na chombo hakilaumiwi kwa safari. Hoja hii ina uzito, lakini haitoshi. Mwimbaji akisaidiwa na ala, au mchezaji wa tamthilia akisema maneno aliyoandikiwa, mtazamaji anajua. Katika mchezo wa vitendawili, asiyejua huomba kutoa mji, na mji huo ni heshima kwa aliyetega; mchezo hauna maana iwapo mtegaji na mteguaji wamekwisha nong'onezana. Kilichouzwa katika Ishirini na Moja hakikuwa maarifa, bali imani ya watazamaji kuwa wanamwona mtu akifikiri. Mwalimu ndiye mtu wa mwisho kustahili kuiuza imani hiyo, maana darasani hana kingine. Mwanafunzi humwamini asemapo “najua” kwa sababu hapo awali amemsikia akisema “sijui”. Kibandani hata kutojua kwa Van Doren kulikuwa kwa kuazima: alisita alipoagizwa kusita, akakosa alipoagizwa kukosa.

Na bado insafu inadai yasemwe mengine. Baada ya kuanguka Van Doren hakufanya biashara ya fedheha yake. Alikwenda kufanya kazi katika kamusi elezo ya Britannica, mjini Chicago, akaandika na kuhariri vitabu. Mwaka 1972 yeye na Mortimer Adler walitoa chapa iliyosahihishwa ya How to Read a Book, kitabu kinachofundisha namna ya kusoma, na mwaka 1991 alitoa kitabu juu ya historia ya maarifa ya wanadamu. Katika uzee wake alirudi darasani, akafundisha katika tawi la Chuo Kikuu cha Connecticut. Mwaka 1994 Robert Redford alitoa filamu juu ya mkasa huu, lakini Van Doren alikaa kimya mpaka 2008 alipoandika simulizi yake katika jarida la New Yorker. Alifariki dunia Aprili 2019 akiwa na umri wa miaka 93. Stempel alimfuata Aprili 2020, akiwa naye na miaka 93.

Wawili hawa walipewa majibu na watu wale wale, katika vibanda vile vile. Mmoja alisema kweli mapema, asisikizwe. Wa pili alisema kweli alipokuwa hana pa kukimbilia, akapongezwa. Nguo ya kuazima haisitiri, nayo haikumsitiri hata mmoja wao. Ila hukumu ya kisa hiki haiwaishii wao. Inawafikia pia waliokaa mbele ya televisheni wakapenda elimu kwa sababu ya uzuri wa uso uliowaletea, bila ya kuuliza imetoka wapi.