Vygie na Bustani za Nchi Kavu Afrika Kusini

Vygie ni jina la Kiafrikana linalotumika Afrika Kusini kwa mimea mingi ya chini, yenye majani manene, ambayo mwezi wa Agosti na Septemba hufunika ardhi kwa maua ya waridi, zambarau, manjano na rangi ya chungwa. Yote ni ya familia ya Aizoaceae, yenye spishi zaidi ya 1,800, na sehemu kubwa ya spishi hizo haioti porini popote nje ya kusini mwa Afrika. Makao yake makuu ni Karoo ya magharibi na Namaqualand. Huko mvua hunyesha wakati wa baridi, kati ya Mei na Agosti, na maeneo mengi hayafikishi milimita 290 kwa mwaka. Mengine hayapati hata 100.

Mmea wa aina hii huishi kwa kuweka akiba. Jani lake hujaa maji mvua inaponyesha, nayo hutumika kidogo kidogo kiangazi kinapoingia. Spishi nyingi hufungua vitundu vya majani usiku badala ya mchana, zikavuta hewa ya kaboni wakati wa ubaridi na kuihifadhi kama asidi mpaka jua lichomoze, hivyo hazipotezi maji mengi. Kwenye jenasi ya Drosanthemum, uso wa jani umejaa vilengelenge vidogo vya maji vinavyometameta kama shanga. Ila ajabu kubwa zaidi imo katika tunda. Tunda la vygie nyingi ni kasha kavu, gumu, lililofunga kabisa. Likidondoshewa maji, vifuniko vyake huanza kuinuka, na baada ya dakika chache kasha huwa wazi kama nyota. Matone ya mvua hupiga ndani na kurusha mbegu pembeni. Likikauka hujifunga tena, na mbegu zilizobaki husubiri mvua nyingine. Kwa njia hiyo mbegu hazimwagwi ovyo juu ya mchanga wa kiangazi.

Kabla ya Wazungu kufika, vygie zilijulikana vizuri na Wakhoikhoi, wafugaji wa Rasi ya Tumaini Jema. Kwao mmea wa thamani ulikuwa Carpobrotus edulis, unaotambaa juu ya mchanga wa pwani na kuzaa tunda chachu lenye utelezi na mbegu nyingi. Tunda lililiwa likiwa bichi au limekaushwa, na utomvu wa jani ulipakwa kwenye majeraha ya moto na kusukutuliwa kwa vidonda vya kinywa na koo. Matumizi hayo yaliwafikia walowezi na watumwa wa Cape Town, ambao waliyageuza matunda makavu kuwa jamu nzito ya sukari. Jamu hiyo inapikwa mpaka leo, na matunda makavu bado yanauzwa sokoni.

Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki ilipofungua kituo chake Rasi mwaka 1652, ilipanda bustani mara moja, lakini ilikuwa bustani ya mboga na matunda ya kulisha mabaharia. Maua ya nchi yenyewe yalikuwa bidhaa ya kupeleka ng'ambo. Mwaka 1685 kamanda wa kituo hicho, Simon van der Stel, aliongoza msafara wa kutafuta shaba Namaqualand, na mchoraji Hendrik Claudius akachora mimea ya njiani. Mbegu na vipandikizi vilivuka bahari vikafika kwa matajiri wa Ulaya waliopenda mimea. Mwaka 1732 Johann Jacob Dillenius alichapisha kitabu chenye picha za mimea ya bustani ya James Sherard huko Eltham, Uingereza, na vygie zimechukua nafasi kubwa humo. Francis Masson, aliyetumwa na bustani ya Kew, aliwasili Rasi mwaka 1772. Mwaka 1794 Adrian Hardy Haworth alitoa kitabu kizima kuhusu jenasi ya Mesembryanthemum, ambamo wakati huo karibu vygie zote ziliwekwa.

Kwa hiyo kwa zaidi ya karne moja mimea hii ilitunzwa kwa uangalifu zaidi Ulaya kuliko kwao. Iliwekwa kwenye vyungu ndani ya nyumba za vioo, ikaokolewa na baridi kwa moto wa makaa, na mara nyingi haikuchanua vizuri, kwa sababu maua ya vygie nyingi hufunguka kwenye jua kali tu na hubaki yamefumba siku ya mawingu. Huko Rasi, wakati huohuo, wenye nyumba walipanda mialoni, mawaridi na nyasi za kukata zilizohitaji kumwagiliwa kila kiangazi. Ni jambo la kusikitisha, nalo lilidumu muda mrefu mno.

Mabadiliko yalianza mwaka 1913, bustani ya Kirstenbosch ilipoanzishwa chini ya Mlima wa Meza kwa ajili ya mimea ya Afrika Kusini peke yake. Mkurugenzi wake wa kwanza, Harold Pearson, alikuwa amesafiri sana katika nchi kavu na aliipenda mimea yake. Lakini Kirstenbosch hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Mmea wa Karoo ukipandwa hapo kwenye udongo wazi hunywa kupita kiasi, shina hulainika, na mzizi huoza. Ilidhihirika kwamba kuwa mmea wa nchi hiyohiyo hakutoshi. Kinachouweka hai ni hali ya hewa ya kwao, na kutoka Cape Town hadi Karoo hali hiyo hubadilika kabisa ndani ya mwendo wa siku moja.

Jibu lilikuwa bustani ya pili. Mwaka 1921 Bustani ya Karoo ilifunguliwa Whitehill, karibu na kituo cha reli cha Matjiesfontein, ambako ukame haukuhitaji kuigizwa. Mwaka 1945 ilihamishiwa Worcester, karibu zaidi na Cape Town, mahali penye wastani wa milimita 250 hivi za mvua. Ipo mpaka leo, na sehemu kubwa ya eneo lake imeachwa kama pori.

Wakati huohuo ilibidi vygie zipangwe upya na kupewa majina. Kuanzia miaka ya 1920, N. E. Brown wa Kew na Gustav Schwantes wa Ujerumani waliigawa ile jenasi moja kubwa kuwa jenasi nyingi: Delosperma, Lampranthus, Drosanthemum na nyinginezo. Aliyefanya kazi nzito zaidi ni Louisa Bolus, msimamizi wa hazina ya mimea iliyokaushwa ya Bolus huko Cape Town kuanzia 1903 hadi 1955. Alieleza kisayansi spishi zaidi ya 1,400, nyingi kati yake zikiwa vygie, na hakuna mwanamke mwingine anayejulikana kufikia idadi hiyo katika mimea ya ardhini. Mkulima wa maua anayenunua Lampranthus kitaluni leo anategemea kazi hiyo, hata kama hajawahi kusikia jina lake.

Ukulima wa vygie hufuata hali hiyo ya ukame na mvua za baridi. Kipandikizi kifupi hukatwa kwenye tawi lisilo na ua, huachwa kikauke jeraha kwa siku moja au mbili, kisha huchomekwa kwenye mchanga mkavu kiasi. Upandaji hufanywa Machi hadi Mei ili mvua za baridi zikuze mizizi. Mahali pawe pa jua la kutwa, udongo upitishe maji haraka, na mbolea iwe kidogo, maana mmea ulioshiba hutoa majani mengi na maua machache. Baada ya maua hupunguzwa. Aina nyingi huzeeka upesi, mashina yakawa magumu kama kuni, kwa hiyo mwenye bustani hukata vipandikizi vipya kila baada ya miaka michache.

Nje ya Afrika, mimea hii imeleta faida na hasara. Carpobrotus edulis ilipandwa California mwanzoni mwa karne ya 20 ili kushikilia udongo kando ya reli, na baadaye kando ya barabara kuu. Ilizoea mno; leo hung'olewa kwa mikono kwenye fukwe, kwa sababu hufunika mimea ya huko ikafa. Delosperma cooperi, inayotoka sehemu za Afrika Kusini zenye mvua za kiangazi na baridi kali, imekubali Denver, Colorado, ambako theluji huanguka na mvua ni chache. Jenasi hiyohiyo ina jamaa porini hadi nyanda za juu za Kenya na Ethiopia.

Mwaka 2018 Cape Town ilikaribia kuishiwa maji, na kuanzia Februari kila mkazi aliwekewa kikomo cha lita 50 kwa siku. Nyasi za bustani zilikauka, na vygie zikawa chaguo la wengi kwa sababu ya wazi. Lakini kupendwa kwa mimea hii kumeleta ujangili: tangu mwaka 2019 hivi, wizi wa mimea midogo ya Namaqualand, hasa jenasi ya Conophytum ya familia hiyohiyo, umeongezeka sana, na mamia ya maelfu ya mimea yamekamatwa yakisafirishwa kuuzwa ng'ambo. Conophytum moja huchukua miaka mingi kukua, na baadhi ya spishi huishi kwenye kilima kimoja au viwili tu. Vygie za kutandaa ni nafuu zaidi kwa upande huo: huzaliana kwa vipandikizi kwa urahisi, na kitalu kinaweza kukidhi mahitaji yote bila kugusa pori.